Majibu ya leo ni habari za miezi mitatu nyuma

Sampuli ya manii ikifika mezani kwangu, kwanza naiacha itulie. Naandika saa iliyotolewa, naiweka mahali penye joto la nyuzi 37, halafu nasubiri. Manii yakishatoka huganda kwa muda, mazito kama ute wa yai bichi. Ndani ya nusu saa hivi, au saa nzima yakichelewa, yanalegea na kuwa majimaji, na hapo ndipo naweza kuweka tone kwenye kioo. Kinachoyalegeza ni kimeng'enya kutoka tezi dume, ile ile PSA wanayopimwa wanaume kwenye damu. Wengi wanaijua PSA kwa hofu ya saratani tu. Kazi iliyoumbiwa ni hii ninayoisubiri: kuzifungulia mbegu njia.

Nafanya kazi maabara, na kipimo cha manii ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Ndicho pia kinachonionyesha jinsi wanaume tusivyoujua mwili wetu wenyewe. Karibu kila anayeniuliza anaamini manii yote yanatoka kwenye korodani. Hapana. Sehemu kubwa ya majimaji yale, kama theluthi mbili, hutoka kwenye vifuko viwili vilivyo nyuma ya kibofu cha mkojo, na ndani yake kuna sukari ya fruktosi ambayo ni chakula cha mbegu. Sehemu kubwa ya yanayobaki hutoka tezi dume, iliyo chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo. Ndiyo maana tezi hiyo ikikua uzeeni, mkojo huanza kukatikakatika. Mbegu zenyewe ni asilimia 5 hivi ya yote, au pungufu. Kwa hiyo ndugu yangu, ukiyaangalia manii kwa macho huwezi kujua kama yana mbegu. Nimeona sampuli zenye manii mengi na mazito ambazo chini ya hadubini hazikuwa na mbegu hata moja.

Zinapokuwepo, ni kitu cha kutazama. Kichwa cha urefu wa maikromita 4 au 5 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), kimebeba nusu ya urithi wa mtu. Nyuma yake kipande kifupi kilichozungukwa na mitokondria, vinu vya nguvu vya seli, halafu mkia mrefu unaopiga huku na huku. Antonie van Leeuwenhoek aliziona mwaka 1677 kule Delft kwa lenzi aliyoisaga mwenyewe, na sidhani kama mshangao wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu kila asubuhi. Nyingine zinakwenda mbele moja kwa moja, nyingine zinazunguka mahali pamoja, nyingine zinatikisika tu bila kusogea. Vichwa viwili, mikia iliyokunjika, shingo zilizopinda, vyote hivyo vipo, tena kwa wingi, hata kwa baba wa watoto wengi. Katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, kiwango cha chini cha rejea kwa mbegu zenye umbo zuri ni asilimia 4. Nalisema hili kila ninapopata nafasi, kwa sababu nimeona mtu akisoma kwenye karatasi yake kwamba mbegu 94 katika kila 100 zina kasoro ya umbo, akanyamaza kabisa, kumbe kwa kipengele hicho yuko ndani ya kiwango.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mbegu ninayoihesabu leo haikutengenezwa jana. Kila korodani ina mirija myembamba mno iliyosokotana, ambayo ikinyooshwa inafika mamia ya mita. Kwenye kuta za mirija hiyo, seli mama hugawanyika, watoto wake hupunguza urithi wao kuwa nusu, kisha huota mkia, huku zikilelewa na seli za Sertoli. Safari hiyo inachukua zaidi ya miezi miwili. Na ikimalizika, mbegu bado haiwezi kuogelea. Inaingia kwenye epididimisi, mrija wa mita 6 hivi uliojikunja hadi kutosha nyuma ya korodani, na huko hukaa kwa siku kadhaa ikikomaa. Ukijipapasa nyuma ya korodani utaigusa, ni laini na imeinuka kidogo. Wapo waliokosa usingizi wakidhani ni uvimbe. Ila ukigusa kinundu kigumu kwenye korodani yenyewe, usikae nacho. Nenda ukaonwe.

Ndiyo maana mtu aliyeugua homa kali mwezi uliopita anaweza kupata majibu mabaya leo, wakati mwenyewe anajiona mzima. Joto lilizikuta mbegu hizi zikiwa bado jikoni. Korodani zinataka nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, na ndiyo sababu zinaning'inia nje. Damu inayoshuka kuelekea kwenye korodani hupita katikati ya wavu wa vena zinazopanda, ikapoozwa kabla ya kufika. Vena hizo zikivimba, na mara nyingi ni za upande wa kushoto, upoozaji unaharibika. Hali hiyo wanayo wanaume kama 15 katika kila 100. Wengi hawana tatizo lolote la uzazi, lakini kati ya wanaotibiwa kwa kukosa mtoto utawakuta wengi zaidi. Kwa yote haya, kipimo kimoja kibaya si hukumu. Daktari akikwambia urudie, rudia, tena baada ya kukaa bila kutoa manii siku 2 hadi 7, kama ulivyofanya mara ya kwanza.

Lipo moja linaloniumiza kweli. Vijana wenye afya, wenye misuli, wanakuja hawana mbegu hata moja, na ukiuliza taratibu wanataja sindano za testosteroni. Walizichoma ili wawe wanaume zaidi. Ubongo hupima testosteroni iliyo kwenye damu. Ukiiona imejaa, unanyamazisha homoni mbili zinazoziamuru korodani kufanya kazi. Seli za Leydig, zilizo ndani ya korodani, zinaacha kutengeneza testosteroni ya humo ndani, ambayo kwa kawaida ni nyingi kwa makumi ya mara kuliko ile ya kwenye damu, na bila hiyo mbegu hazikomai. Korodani zenyewe husinyaa. Wengi wakiacha sindano uzalishaji hurudi, lakini kwa miezi, na kwa wengine huzidi mwaka. Kama unataka mtoto, mwambie daktari hivyo kabla hajakuandikia homoni hiyo, na usiinunue mtaani kabisa.

Hesabu hii ya miezi inawahusu pia waliofunga kizazi. Upasuaji ule hukata mirija miwili inayopandisha mbegu kutoka kwenye epididimisi. Testosteroni haipiti kwenye mirija hiyo, inapita kwenye damu, kwa hiyo nguvu, hamu na ndevu hubaki vilevile. Mbegu huendelea kutengenezwa, na mwili huzinyonya. Lakini zile zilizokwishapita mahali palipokatwa bado ziko njiani, na zinaweza kutunga mimba. Ndiyo maana unaambiwa uendelee na kinga nyingine na ulete sampuli baada ya miezi mitatu hivi. Wengine hawarudi, wanaona aibu kuja na kichupa mara ya pili. Njoo nacho. Nitaweka tone kwenye kioo na kulikagua chini ya hadubini sehemu moja baada ya nyingine, na nisipoona mbegu nitaandika hivyo, ndipo mkeo aache vidonge.