Mgeni wa Jambiani aliyekatwa mara mbili

Shangazi alinipigia saa nne usiku. "Mwanangu, yule mgeni wa chumba cha mbele kakatwa mara mbili. Kanishikia simu yake hapa, nami sijui nimjibu nini." Nikafungua kompyuta, nikaiona: miamala miwili ya shilingi 180,000, kadi ileile, imepishana sekunde 11. Yote miwili imepita.

Nyumba ya wageni ya shangazi, huko Jambiani, Zanzibar, ina vyumba sita, na miaka yote alikuwa anapokea taslimu. Mgeni aliyeishiwa ilibidi atafute gari la kumpeleka kwenye mashine ya kutolea pesa. Ndiyo maana nilimtengenezea programu ya kupokea oda za vyumba, nikaiunganisha na lango la malipo ya kadi, yaani huduma inayokata pesa kwenye kadi ya mgeni kwa niaba yetu. Kuunganisha kwenyewe hakukuchukua muda. Unapewa funguo za majaribio, unaandika namba ya kadi ya mfano, 4242 mara nne, malipo yanapita. Ila mimi nilijaribu nikiwa mjini, mtandao umetulia, na kila mara nilibonyeza mara moja tu.

Jambiani mtandao unakuja na kuondoka. Mgeni alibonyeza Lipa, kiduara kikazunguka, akasubiri, akabonyeza tena. Kila alipobonyeza lilikwenda ombi jipya, na lango la malipo halina namna ya kujua kwamba maombi mawili ni ya chumba kimoja. Kuliambia ilikuwa kazi yangu, na sikuwa nimeifanya.

Kukizima kitufe baada ya kubonyezwa hakutoshi, maana mtu hupakia ukurasa upya na kitufe kikarudi. Sasa oda ikifunguliwa tu, seva, yaani kompyuta inayoendesha programu yetu, inaitungia ufunguo wake, alama ya pekee ya kuitambulisha, na kuuhifadhi pamoja nayo. Ombi lolote la kulipia oda hiyo linabeba ufunguo huohuo. Likifika mara ya pili, lango linarudisha jibu lililotoa mwanzo na halikati tena. Kadi ikikataliwa na mgeni akaleta nyingine, hapo natunga ufunguo mpya, kwa sababu hilo ni jaribio jingine kabisa.

Usiku ule sikulala. Nilipitia msimbo wote, nikakuta kosa la pili ambalo bado halijamuumiza mtu. Nilikuwa nahesabu chumba kimelipiwa pale mgeni anaporudishwa kwenye ukurasa wetu wa "Asante". Lakini benki nyingi humpitisha mwenye kadi kwanza kwenye ukurasa wao na kumtaka aweke namba ya siri waliyomtumia kwenye simu. Akishaiweka, pesa inakatwa. Chaji ya simu ikimwishia sekunde hiyohiyo, harudi kwetu. Yeye kalipa, na chumba kwetu bado kiko wazi, kinaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Ubaya zaidi, mtu akiijua anwani ya ukurasa wa "Asante" anaweza kuifungua bila kulipa hata senti.

Kwa hiyo sasa chumba hakifungwi mpaka lango lenyewe liitumie seva yetu taarifa kwamba malipo yamepita. Taarifa hiyo ina sahihi ya kidijitali ya lango, na seva inaikagua kabla ya kuiamini. Taarifa moja inaweza kuletwa mara mbili au tatu, basi namba yake naiandika, ikirudi naipokea bila kufanya lolote.

Jambo la senti nilikuwa nimeshalikamata kwenye majaribio, nalitaja tu: lango letu linahesabu kwa senti, 180,000 inaandikwa 18000000. Siku niliposahau, chumba kiliuzwa kwa shilingi 1,800. Na faranga ya Rwanda haina senti kwenye hesabu hizi, ukiizidisha kwa 100 umemkata mtu mara mia.

Shangazi naye alikuwa na ombi lake. Alitaka kuandika namba za kadi za wageni kwenye daftari, kama alivyoona zamani alikofanya kazi, ili mgeni akirudi asisumbuliwe. Nilimkatalia, na kwa hili sitarudi nyuma. Hata seva yetu haizioni namba hizo: mgeni anaziandika kwenye fomu ya lango lenyewe, sisi tunapewa tokeni tu, alama inayosimama badala ya namba ya kadi. Zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi, kanuni za usalama wa malipo ya kadi, PCI DSS, zinakataza kabisa kuzihifadhi baada ya malipo kuidhinishwa. Daftari lile liko juu ya meza ya mapokezi, kila apitaye analiona. Sasa anaandika namba ya oda na tarakimu nne za mwisho, basi.

Pesa za yule mgeni nilizirudisha usiku uleule, lakini benki yake ilichukua siku sita kuzionyesha. Siku zote hizo alikuwa bado yupo, na kila asubuhi shangazi alimtengea chai na chapati akijua anadaiwa. Siku ya sita mgeni akaingia mpaka jikoni, simu mkononi, akamwonyesha. Shangazi akanipigia palepale: "Zimerudi, mwanangu. Zote."