Kukifundisha Kibofu Upya

Moshi, Jumapili jioni

Wanaume tuliofanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume tukikutana tunaulizana PSA tu, kile kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hiyo. "Imeshuka?" "Imeshuka, tunamshukuru Mungu." Baada ya hapo kimya. Hakuna anayemwuliza mwenzake kama bado anavaa pedi, na hilo ndilo linalomfungia mtu ndani asiende msibani wala kanisani. Leo naandika habari za mkojo, kwa sababu naamini yupo mzee huko Machame au Marangu anayeficha shuka alfajiri akidhani yamempata peke yake.

Mwanamume ana vizuizi viwili vya mkojo. Cha juu kiko kwenye shingo ya kibofu, hujifunga chenyewe bila kuagizwa, na tezi ikiondolewa nacho hupungua nguvu au huondoka kabisa. Kinachobaki ni cha chini, kile tunachokibana kwa hiari, na sasa mzigo wote ni wake. Mpira wa kupitishia mkojo unaowekwa wakati wa upasuaji ukishatolewa, mara nyingi baada ya wiki moja au mbili, ndipo unapoona: ukikohoa, matone, ukiinuka kitini, matone. Jioni huzidi, maana misuli imeshachoka.

Mazoezi ya kukaza nyonga wengi tunaelekezwa. Unabana kama anayezuia upepo usimtoke mbele za watu, huku tumbo, mapaja na makalio yametulia na pumzi haikatwi. Unashikilia kwa hesabu ya tano hadi kumi, unaachia kwa muda uleule, mara kumi, mara tatu kwa siku. Na unabana kabla ya kukohoa au kunyanyua ndoo. Natamani kila mgonjwa afundishwe haya kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, kwa sababu ukiwa na maumivu na mpira ni vigumu hata kujua ni msuli gani unaoambiwa ukaze.

Lakini kilichonisaidia zaidi ni daftari. Nesi aliniagiza niandike saa, kiasi nilichokojoa, kama nimevuja, na nilikuwa nafanya nini. Nikatenga jagi la plastiki lenye alama za mililita, mama watoto akalifunga utambaa mwekundu lisije likachanganywa na vyombo. Niliporudi kliniki, nesi alipitisha kidole kwenye safu ya mchana: 80, 60, 90. Akasema, "Baba, kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 300 mpaka 500. Hapa hakijajaa, kimezoea tu kuitikiwa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Ukienda chooni kila mara kwa tahadhari, kibofu hujifunza kudai kikiwa na kidogo. Dawa yake ni saa ya ukutani. Unaanza na muda unaoumudu, tuseme kila baada ya saa moja, unakwenda wakati ukifika hata kama huna haja. Ukishazoea kwa wiki hivi, unaongeza robo saa. Lengo ni kuweza kukaa muda wa saa tatu au nne bila kwenda chooni wakati wa mchana.

Kazi iko kwenye kusubiri. Mimi haja hunikamata getini, ufunguo ukigusa kufuli. Nimefundishwa nisikimbie, maana ukikimbia ndipo unapovuja. Nasimama, nashika nguzo, nabana harakaharaka mara kadhaa, navuta pumzi taratibu, kisha nataja moyoni vituo vya barabara ya Arusha: Boma Ng'ombe, KIA, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru. Mara nyingi nikifika Tengeru haja imeshatulia, nafungua geti na kutembea kama kawaida.

Maji usiyakatae. Mkojo mzito hukichokoza kibofu, kwa hiyo lita moja na nusu mpaka mbili kwa siku, ukipunguza baada ya chakula cha jioni, labda kama daktari amekupangia vingine. Kahawa nimeipunguza, na kwa mtu wa Kilimanjaro hilo si dogo. Mbege nayo nimeiweka kando. Choo kigumu pia hukandamiza kibofu, basi mboga na parachichi havikosekani mezani. Ukishindwa kabisa kukojoa, ukipata homa au mabonge ya damu, achana na daftari, wahi hospitali.

Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya mwaka. Wanaobaki wakivuja bado wana njia, hata kuwekewa kizuizi cha kutengenezwa, kwa hiyo asikwambie mtu uvumilie tu kwa sababu ya umri.

Kesho naongeza robo saa nyingine. Jumamosi kuna kikao cha harusi Majengo, na vikao vyetu huenda mpaka usiku. Nimemwambia shemeji aniwekee kiti karibu na mlango. Nitabeba pedi na suruali ya akiba, na nitakwenda.