Mitende Sabini

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu la juma hili ni Hesabu 33, na najua wengi wenu mkifika hapo mnaruka moja kwa moja hadi sura ya 34. Mimi nimeruka miaka mingi. Ni orodha ya vituo vya Waisraeli walipotoka Misri: wakasafiri kutoka hapa, wakapiga kambi pale, vituo 42 kwa hesabu ya walimu wengi, tangu Ramesesi mpaka tambarare za Moabu. Nilikuwa naiona kama ratiba ya basi iliyobandikwa ukutani stendi, ya kutazamwa na mwenye safari tu.

Aliyenirudisha kwenye sura hiyo ni baba mkwe wangu. Mzee amestaafu. Ujana wake wote aliendesha lori, na barabara ya Arusha kwenda Dodoma ameipita mara zisizohesabika. Mwezi uliopita akaniambia, "Mwanangu, nipeleke Ziwa Natron. Lakini twende polepole, kila mji nataka nishuke." Nikamuuliza, miji gani, Baba, huko si vumbi tu? Akacheka. "Makuyuni nimepita nusu ya maisha yangu, na chai yao siijui ladha."

Basi Ijumaa asubuhi tukatoka, yeye, mke wangu na mimi. Kisongo tulikunywa supu. Makuyuni, kama kilomita 80 kutoka Arusha, njia inagawanyika: moja inashika Babati hadi Dodoma, nyingine inakwenda Mto wa Mbu. Kwa wengi wetu pale ni mahali pa kununua soda dirishani na kuondoka. Mzee alikaa kwenye benchi la mama ntilie dakika arobaini nzima. Akauliza bei ya mbuzi mnadani, akauliza maji wanachota wapi, akauliza mikuyu iliyoupa mji jina iko upande gani. Mimi nilikuwa nachezea funguo za gari mfukoni. Kisha akatoa daftari dogo, akaliweka juu ya boneti, akaandika kitu kwa penseli. Ni mazoea ya udereva, alisema. Lori lina daftari lake la safari, na yeye hajaweza kuacha.

Mto wa Mbu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, tulinunua ndizi nyekundu, tukalitazama Ziwa Manyara kwa mbali, tukaingia kaskazini. Pale kijani kinakatika ghafla, utadhani mtu amekikata kwa panga. Jangwa kamili Tanzania hatuna, lakini mtu akisimama kati ya Selela na Engaruka mwezi wa tisa, hatabishana nami juu ya jina.

Selela tukapata pancha. Saa saba mchana, jua la utosi, na jeki inazama kwenye vumbi laini kama unga. Hapo nikasema neno nililolijutia. Nilimwambia mzee, "Baba, tusingekaa kaa njiani tungekuwa tumeshafika." Hakujibu. Alikuwa anamtazama kijana mmoja mchunga ng'ombe aliyekuja bila kuitwa, akaviringisha jiwe, akaliweka nyuma ya gurudumu la mbele, akachuchumaa pembeni. Mke wangu alimpa chupa ya maji. Akanywa nusu. Nusu iliyobaki aliimimina kidogo kidogo kiganjani na kumnywesha mbwa wake, mpaka chupa ikaisha. Ndipo akairudisha, kwa mikono miwili.

Engaruka ni mahali ambapo ningewashauri msipite bila kushuka. Mvua ni chache mno, lakini mto unashuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, na watu wa kale, kuanzia kama karne ya 15, waliushika mto huo kwa mifereji ya mawe wakalima eneo la kama kilomita 20 za mraba. Karne ya 18 walikuwa wameshaondoka. Kingo za mashamba yao bado zipo, unazikanyaga. Hakuna anayejua kwa hakika walijiita nani.

Ngare Sero tulilala. Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Kimaasai, umesimama hapo karibu, mita 2,962, volkano hai iliyolipuka kwa nguvu mwaka 2007. Ulikuwa umejifunika mawingu, hatukuona hata ncha. Asubuhi tukashuka ziwani. Maji yake ni magadi matupu, huwezi kunywa, na joto lake halina utani. Na ndiko heroe wadogo, wale flamingo, wanakotaga: hapa Afrika Mashariki hawana mahali pengine pa kutegemea. Magadi yale yanayotukimbiza sisi yanamzuia pia fisi asiwafikie makinda.

Usiku wa kwanza ndipo nilipofungua Hesabu 33, kwa tochi ya simu. Mstari wa pili unasema Musa aliandika vituo hivyo kwa amri ya BWANA. Kwa amri! Nikaanza kuusoma kama mtu aliyepata pancha. Sinai, mahali sheria ilipotolewa na ndama akatengenezwa, inatajwa kwa jina tu, wakaondoka. Mara, mahali pa maji machungu, imetajwa kwa jina tu, manung'uniko hayamo. Refidimu imeandikwa kwamba watu hawakuwa na maji ya kunywa, basi, ugomvi haumo. Lakini Elimu (hii si ya shule) Mungu ametaka ihesabiwe: chemchemi kumi na mbili, mitende sabini. Kuna mtu alizunguka akihesabu mitende. Halafu kuna Rithma, Risa, Kehelatha, vituo ambavyo Biblia haituambii lolote lililotokea huko. Walifika, wakalala, watoto wakala, wakaondoka. Navyo vimeandikwa.

Nimebaki najiuliza, mwaka wangu huu Mungu angeuandika, angeweka nini na angeruka nini. Ninyi pia jiulizeni kabla ya ibada ya Jumapili.

Tuliporudi Arusha, mzee alisahau daftari kwenye kiti. Nakiri nililisoma kabla ya kumpelekea. Siku mbili za kwanza ziko hivi, kwa mwandiko wake:

Kisongo. Supu, nzuri.
Makuyuni. Chai ina tangawizi. Mama ana watoto watano, maji wananunua kwa dumu. Mkuyu mmoja mkubwa, nyuma ya mashine ya kusaga.
Mto wa Mbu. Ndizi.
Selela. Pancha. Kijana, mbwa mweupe sikio moja jeusi. Walikunywa wote.
Engaruka. Mawe mengi, yamepangwa vizuri.
Mlima wa Mungu. Mawingu.