Nilivyojitoa CRB kwa deni nililokuwa nimelilipa

Februari 2023 niliomba mkopo wa Sh80,000 kwenye sacco ninayoweka akiba, ninunue ovaloki, mashine ya kumalizia kingo za nguo, maana mimi ni fundi cherehani. Afisa akanigeuzia kompyuta yake nione mwenyewe. "Dada, uko CRB." Yaani jina langu lilikuwa kwa kampuni zinazoweka rekodi za wakopaji, kama mtu asiyelipa.

Lilikuwa deni la mkopo wa simu wa benki moja, Sh1,840, ambalo kwa riba na faini lilikuwa limefika elfu nne na kitu. Lakini deni hilo nilikuwa nimeshalilipa zamani. Siku niliyolipa naikumbuka vizuri, ingawa si tarehe yake, maana nilibaki bila hela ya uzi.

Kila mtu alikuwa na ushauri wake. Wifi yangu alinipeleka kwa kijana anayetoa watu CRB kwa elfu tatu, kazi ya siku mbili. Nikampa elfu moja ya kuanzia, na tangu hapo simu yake haipatikani. Jamani, msiwape hawa watu pesa! Rekodi hurekebishwa na mkopeshaji aliyeipeleka. Tena hata anayelipa deni lililochelewa, historia yake hubaki humo miaka mitano.

Nilipopiga simu benki niliambiwa nilipe nusu tu, yaishe. Ni kweli Benki Kuu ya Kenya ilikuwa na mpango huo, kuanzia Novemba 2022 hadi mwisho wa Mei 2023, wa kusamehe nusu ya mikopo midogo ya simu iliyokwama. Umewasaidia wengi. Lakini mimi sikuwa na deni, na kulipa nusu kungekuwa kukubali kwamba ninalo. Nikakataa. "Basi leta ushahidi, mama."

Hapo ndipo panaponiuma hadi leo. Kanuni zinataka mteja apewe notisi kabla ya kupelekwa CRB, na mimi sikuona notisi yoyote. Wao hawakuhitaji ushahidi kuandika jina langu, ila mimi nauhitaji ili lifutwe.

Simu niliyolipia ilishaibiwa na meseji zake zote. Nilichobaki nacho ni daftari la vipimo. Nililipekua ukurasa baada ya ukurasa usiku kucha, mpaka kwenye gauni la mteja mmoja, kifua 38, kiuno 32, nikakuta nimeandika pembeni kwa penseli: PHE, herufi na namba nyingine saba, na 1,840. Tarehe hakuna. Bila tarehe ningeomba taarifa ya M-PESA ya mwezi gani?

Binti wa kibanda cha M-PESA jirani yangu ndiye aliyenifungua macho. Hiyo ni namba ya muamala wa M-PESA, na herufi yake ya kwanza ni mwaka: P ni 2021, Q ni 2022, R ni 2023. Ya pili ni mwezi, A Januari, kwa hiyo H ni Agosti. Ya tatu ni siku. Tarehe moja hadi tisa ni namba, kisha A ni kumi, B kumi na moja, hivyo E ni kumi na nne. Tarehe 14 Agosti 2021, Jumamosi! Nikaomba taarifa ya mwezi huo, na mstari wangu ulikuwapo, na jina la benki pembeni.

Malalamiko sikuyapeleka benki peke yake. Niliandika barua kwa kampuni ya CRB pia, nikaambatisha taarifa, nikadai muhuri kwenye nakala yangu. Wiki mbili hivi baadaye benki ikakubali kosa. Nikarudi sacco, na jina bado likaonekana! Kenya kuna kampuni tatu za CRB, TransUnion, Metropol na Creditinfo, na marekebisho yalikuwa yamefika kwa moja tu. Ombeni ripoti kwa zote tatu. Kila moja inapaswa kukupa moja bure kwa mwaka. Na kuwa na ripoti huko si kosa, hata wanaolipa vizuri wamo.

Ningepewa nafasi mbele ya Benki Kuu ningeomba jambo moja: mteja akipinga deni, mkopeshaji ndiye athibitishe, na akishindwa alipe gharama. Kuna vijana wanaoombwa cheti cha CRB ndipo waajiriwe. Kosa kama langu lingewanyima kazi.

Mkopo ulitoka Aprili. Nauli, nakala na siku nilizofunga duka zilinila kama elfu tano, zaidi ya hilo deni lenyewe, na benki haikunirudishia hata shilingi. Barua yao ya kukubali kosa ina sentensi mbili. Neno samahani halimo.