Granada: siku inayopangwa na tiketi

Siku ya Granada, mji wa kusini mwa Hispania, hupangwa na tiketi ya Alhambra, ngome na makasri ya watawala Waislamu wa zamani juu ya kilima. Ile saa iliyochapwa juu yake si ya kufika getini, ni ya kuingia Makasri ya Wanasri, nasaba ya mwisho ya Kiislamu iliyotawala mji huu, na kutoka ofisi ya tiketi hadi kwenye makasri ni mwendo wa robo saa au zaidi. Mwenye tiketi ya 10:00 anayefika getini 10:00 ameshachelewa, na mlangoni hawana huruma. Nunua wiki kadhaa kabla, na ubebe pasipoti yenyewe, kwa sababu tiketi ina jina lako.

Ukishakuwa na tiketi, usianzie ofisini. Panda kwa miguu kutoka Plaza Nueva kwa Cuesta de Gomérez, kisha uingilie Lango la Haki, lililojengwa na Sultani Yusuf I mwaka 1348. Mlima ni mkali ila una kivuli, na ukipita lango hilo makasri yako karibu sana. Asiyeweza kupanda achukue basi dogo la C30.

Ndani, watu wengi hupiga picha za dari na kusonga mbele. Mimi naona heri kusimama mbele ya ukuta mmoja. Chini kuna vigae, juu yake chokaa iliyochongwa, na kwenye chokaa maandishi ya Kiarabu yanajirudia: "Wa la ghaliba illa Allah", hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Aliyelelewa Lamu au Unguja, akasoma chuoni, ataweza kuyafuata kwa kidole hewani, herufi kwa herufi. Kwenye Ua wa Simba, uliojengwa na Sultani Muhammad V, simba 12 wa marumaru wamebeba bakuli, na ukingoni mwake umechongwa utenzi wa Ibn Zamrak, waziri wake. Utenzi unasema maji na marumaru vimefanana hata mtu hajui kipi kinatiririka. Maji hayo yaliletwa kwa mfereji kutoka mto Darro, juu zaidi bondeni. Bila mfereji ule pasingekuwa na bustani wala hamamu kileleni.

Alcazaba, ile ngome ya zamani, na Generalife, kasri la mapumziko lenye bustani, huingii mara mbili, kwa hiyo usitoke kabla hujatosheka.

Mchana, kati ya saa nane na saa kumi na moja, maduka mengi hufungwa, na kiangazi jua linachoma kweli. Pumzika. Jioni vuka Darro uende Albaicín, mtaa wa vichochoro vya mawe. Viatu vya soli laini huteleza pale hata pakiwa pakavu. Uwanja wa San Nicolás hujaa watu wakati wa machweo. Kando yake upo msikiti uliofunguliwa 2003, na bustani yake inatazama Alhambra ileile kwa utulivu zaidi. Inanigusa sana kwamba adhana imerudi kwenye kilima hiki, baada ya mji kukabidhiwa kwa wafalme Wakristo Isabel na Fernando tarehe 2 Januari 1492.

Chakula cha usiku huanza saa tatu. Baa nyingi, ukiagiza kinywaji, hukuletea kisahani cha chakula bila malipo, na mara nyingi wao ndio huchagua. Nyama ya nguruwe ni ya kawaida sana, kwa hiyo asiyeila aseme "sin cerdo", yaani bila nguruwe, palepale anapoagiza kinywaji, kabla sahani haijatoka jikoni.