Siku moja na samaki wa mapambo Dodoma: mtafute mdudu kabla ya dawa

Saa 12 asubuhi. Taa za matangi zinabaki zimezimwa kwanza. Namulika kila tangi kwa tochi kutoka ubavuni. Ukiona kama vumbi la dhahabu limenyunyizwa mgongoni mwa samaki, huyo ni mdudu wa ugonjwa wa velveti (Piscinoodinium), na taa zikishawaka si rahisi kumwona. Naangalia pia nani kajitenga, nani kabana mapezi, nani anahema harakaharaka juu ya maji. Kisha nasoma joto. Mwezi wa sita na wa saba tangi lisilo na hita hapa huamka likiwa nyuzi 18 au 19. Naandika namba hiyo kwenye utepe na kuubandika kiooni, maana ndiyo itakayopanga ratiba ya dawa.

Saa 1:30. Simu zinaanza. Video ya samaki wanaojisugua kwenye mawe, na swali ni lile lile: "Kaka, nitie dawa gani?" Usitie kitu bado, pima amonia, sumu itokanayo na taka za samaki. Amonia na klorini humfanya samaki ajisugue sawasawa na mdudu. Maji yetu ya visima vya Makutupora ni magumu, birika lenye ukoko mweupe linakuonyesha. Maji ya aina hiyo mara nyingi huwa na pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya juu, na pH ikifika 8, amonia ile ile huwa sumu mara kadhaa kuliko ikiwa 7. Kama kipimo kinasoma zaidi ya sifuri, badilisha theluthi ya maji kwa maji yaliyolala na pampu ya hewa usiku kucha. Kikisoma sifuri, niletee samaki akiwa hai, ndani ya maji ya tangi lake. Aliyekufa tangu jana hatusaidii, wadudu wengi wameshamhama au wamekufa naye.

Saa 3. Hadubini. Nalowanisha mikono, namshika samaki, kisha kwa ukingo wa kioo chembamba nakwangua ute nyuma ya pezi la ubavuni, kutoka kichwani kwenda mkiani, bila kubandua magamba. Ute unakwenda kwenye slaidi na tone moja la maji ya tangi. Maji ya bomba yenye klorini huwaua wadudu kabla hujawaona. Naanza na lenzi ndogo, 4, halafu 10. Mdudu wa madoa meupe (Ichthyophthirius) ni mviringo mkubwa unaojiviringisha taratibu, na ndani yake kuna kiini chenye umbo la kiatu cha farasi. Trikodina ni kisahani kinachozunguka kwa kasi, kina duara la meno katikati. Minyoo bapa hujinyoosha na kujikunja kama ruba: Gyrodactylus hana macho na mara nyingi unamwona mtoto tumboni, na ndoano zake tayari, Dactylogyrus ana nukta nne nyeusi kichwani, hupenda matamvua na hutaga mayai. Kuwatofautisha hawa wawili ni lazima, na nitaeleza kwa nini.

Saa 5. Leo ni madoa meupe. Doa unaloliona ni mdudu aliye chini ya ngozi, na hapo dawa haimfikii. Akishiba anaanguka chini, anajifungia kwenye ganda, anagawanyika kuwa mamia. Watoto hao wakitoka kutafuta samaki ndipo wanapouawa. Kwa nyuzi 25 mzunguko wote huisha ndani ya wiki. Kwa nyuzi 15 unaweza kufika wiki mbili. Ndiyo sababu tiba nyingi hushindwa hapa wakati wa kipupwe: madoa yanapotea, mwenye tangi anaacha dawa siku ya tano, na chini kwenye changarawe maganda bado hayajapasuka.

Tangi la sentimita 100 kwa 40 kwa 50 ni lita 200, lakini toa changarawe na nafasi ya juu, chukua 170. Chumvi gramu 3 kwa lita ni gramu 510. Naiyeyusha kwenye ndoo na kuitia kwa mafungu matatu ndani ya siku moja na nusu. Corydoras (kambale wadogo wa mapambo) na mimea haivumilii kiasi hicho, wahamishe. Hita napandisha nyuzi moja kila baada ya saa chache hadi 28. Pampu ya hewa lazima iongezwe: maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na kwa mwinuko wetu wa mita 1,100 na ushee tunaanza na pungufu ya kama asilimia 12 tukilinganishwa na Dar es Salaam. Kila siku nafyonza uchafu wa changarawe, nao huondoka na maganda mengi. Naendelea wiki nzima baada ya doa la mwisho. Bila hita, wiki mbili.

Saa 8 mchana. Minyoo bapa. Prazikwanteli ya duka la dawa, kidonge cha miligramu 600, kwa miligramu 5 kwa lita kinatosha lita 120. Saga laini kabisa, tikisa kwenye chupa, kwani haiyeyuki vizuri. Ondoa mkaa kwenye filta, la sivyo mkaa huo utanyonya dawa yote. Gyrodactylus mara nyingi huisha kwa dozi moja kwa sababu anazaa. Dactylogyrus anataga, na mayai hayadhuriki, hivyo rudia baada ya wiki. Maji yakiwa baridi, chelewa zaidi.

Saa 10. Gapi wenye nyuzi nyekundu zinazochungulia kwenye tundu la haja wana minyoo ya tumboni iitwayo Camallanus. Levamisoli ya dawa za mifugo, miligramu 2 kwa lita. Ile ya asilimia 7.5 ina miligramu 75 kwa mililita, kwa hiyo lita 100 ni mililita 2.7. Lebo iwe na levamisoli peke yake. Zima taa kwa muda wa saa 24, kisha fyonza minyoo iliyoanguka kabla samaki hawajaila tena, badilisha maji mengi, rudia baada ya wiki tatu.

Saa 1 usiku. Samaki wapya wa Kigoma wanaingia karantini wiki nne, wakiwa na wavu wao, ndoo yao na mpira wao wa kufyonzea. Vifaa vya matangi yenye wagonjwa vinaanikwa hadi vikauke kabisa, na hewa kavu ya Dodoma huifanya kazi hiyo kwa usiku mmoja. Madoa meupe hayavumilii ukavu.