Kutoka zizini Misungwi hadi maabara: siku yangu moja na ng'ombe wanaokohoa

Saa 11 alfajiri. Naamka Buhongwa, nakunywa chai na matobolwa, napanga mzigo: boksi la barafu, vijiti vya pamba, kipimajoto, magazeti ya zamani, mkasi. Kazi yangu ni kukusanya mitishamba ambayo wafugaji wa Usukumani huwanywesha ng'ombe wenye kifua, kisha kutoa viini vyake ili vijaribiwe dhidi ya virusi vya mfumo wa hewa.

Saa 1 asubuhi nashuka kwenye bodaboda Misungwi, mbele ya uzio wa minyaa.

"Mwangaluka, babu!"

"Mwangaluka, mjukuu wangu. Njoo haraka, ndama wa yule mbuguma mwekundu amekoroma usiku kucha."

Joto lake 40.8. Anapumua kwa shida na povu linamtoka puani. Kabla sijagusa kijiti cha pamba, nampapasa chini ya sikio: tezi imevimba kama yai la kuku, na kupe wamejaa sikioni. Hii inanukia ndigana kali. Ugonjwa huo hujaza mapafu maji, lakini hauletwi na kirusi, unaletwa na kijidudu kinachobebwa na kupe. Natoboa tezi, napaka majimaji kwenye kioo, nachukua na damu. Namwambia babu amwite afisa mifugo leo leo. Hapa sitaki kusikia habari ya gome wala jani. Kuna dawa inayojulikana, na kila saa inayopita inampunguzia ndama nafasi ya kupona.

Ndama wa pili ana hali tofauti. Tezi ziko sawa, joto 40.1, makamasi mepesi, pua nyekundu. Alianza kukohoa baada ya maksai walionunuliwa mnadani kuingia zizini. Huyu ndiye ninayemshuku virusi: herpesi ya ng'ombe aina ya 1, parainfluenza 3, au kile kirusi cha mapafu kiitwacho RSV. Virusi hivi huumiza utando wa njia ya hewa, halafu bakteria kama Pasteurella na Mannheimia hupita hapo hapo na kuleta nimonia. Herpesi ni mjanja zaidi: mnyama akipona, kirusi hubaki kimejificha kwenye neva, kikaamka tena akichoshwa na safari au njaa. Ndiyo maana ng'ombe wa mnadani anayeonekana mzima anaweza kuleta balaa.

Babu anauliza kama apige sindano ya oksitetrasaiklini. Swali hili nalisikia kila zizi, na linanikera, si kwa sababu ya wafugaji bali kwa sababu ya wauzaji wanaowauzia bila kuwaeleza. Dawa hiyo inapambana na bakteria. Kirusi haikigusi. Ukichoma kila kikohozi, unawafundisha bakteria kuizoea.

"Basi sotoka, ule ugonjwa wa virusi uliokuwa ukimaliza ng'ombe, mliiondoaje?"

"Kwa chanjo, babu. Mwaka 2011 dunia nzima ilitangaziwa kwamba imekwisha."

Saa 4 ananipeleka kwenye mjafari wake. Shina lina vinundu vyenye miiba, majani yakifikichwa yananukia ndimu. Anachuna kipande kidogo cha gome upande mmoja, kwa sababu ukichuna gome kuzunguka shina lote mti unakufa. Analichemsha, analipoza, anamnywesha ndama kwa chupa. Naandika kila kitu: kiasi, muda wa kuchemsha, siku ngapi. Tawi lenye majani nalibana kati ya magazeti ili mtaalamu wa mimea athibitishe aina yake.

Saa 8 mchana, maabara. Kwanza kioo cha tezi: vijidudu vya Theileria, ndivyo viletavyo ndigana kali, vimo ndani ya chembe nyeupe. Nampigia babu papo hapo.

Halafu gome. Linakaushwa kivulini, linasagwa, linalowekwa kwenye ethanoli ya asilimia 70, linachujwa, kisha ethanoli inavukizwa hadi ibaki lami ya kahawia. Fungu jingine nalichemsha kwa maji tu, maana babu hatumii ethanoli. Kazi inayofuata hufanyika penye uwezo wa kukuza seli za figo za ng'ombe, ambazo hutiwa virusi na dawa ili kuona kipi kinashinda. Swali la kwanza huwa ni sumu. Tuseme dawa inaua nusu ya seli kwa mikrogramu 100 kwa mililita, na inapunguza virusi kwa nusu kwa mikrogramu 80: hiyo haifai, inaua mgonjwa na ugonjwa pamoja. Ikipunguza virusi kwa mikrogramu 5 tu, hapo nafurahi. Hata hivyo tanini, zile kemikali za magome zinazokausha ulimi, hung'ang'ania protini yoyote, zinaweza kukupa ushindi wa uongo. Na ng'ombe si chupa ya seli: tumbo lake la kwanza limejaa vijidudu vinavyovunja viini hivyo kabla havijafika mapafuni. Bado hujauliza maziwa yatabaki na nini.

Saa 2 usiku babu anapiga. Afisa mifugo alifika, ndama wa kwanza amechomwa buparvakwoni, dawa ya ndigana kali. Je, huyu wa pili ampe mjafari?

Namwambia amtenge na wenzake, amkinge na upepo na vumbi, ampe maji safi. Joto lisiposhuka kesho, afisa mifugo amsikilize mapafu ndipo aamue kuhusu sindano. Kuhusu mjafari, akimpa asinizuie kujua: aniambie saa, kiasi, na hali ya ndama kabla na baada.

"Nitaandika," ananijibu. "Mjukuu wa shule atanisaidia."